Marufuku Tai Kukaribia Kanga

Nchi ninayotaka kuisimulia si hii yetu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna wasomaji wepesi wa kufananisha. Nchi ile ina bendera yake, wimbo wake na foleni zake, na watu wake ni wapole kuliko sisi. Ukimkanyaga mtu wa kule, yeye ndiye anayekuomba radhi, kisha anauliza kama mguu wake haukukuumiza.

Alama ya Taifa lile ni tai. Wamemchora kwenye bendera, kwenye sarafu, kwenye mifuko ya saruji, hata kwenye mlango wa choo cha wakubwa katika kila ofisi ya serikali. Sheria yao inasema kwamba yeyote atakayemsema tai vibaya, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa kukunja uso, amelisema Taifa. Nadhani ni sheria nzuri. Tangu ipitishwe, hakuna tai hata mmoja aliyelalamika.

Lugha yao, kwa bahati, inafanana sana na yetu. Kule pia tai ni ndege, na tai ni kile kitambaa ambacho wakubwa hujifunga shingoni ili watambulikane. Kule pia kanga ni ndege, na kanga ni vazi la kina mama, lenye pindo na jina. Watu wamezoea, hawachanganyi. Mtu akisema amechinja kanga, hakuna anayeuliza alikuwa na jina gani.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna Bustani ya Ndege ya Taifa, na katikati ya bustani kuna tundu kubwa kuliko ukumbi wa harusi. Tundu hilo lina kuta nne za wavu wa chuma na halina paa. Huo haukuwa uzembe. Ombi la ujenzi liliandikwa kwamba eneo "lizungushiwe wavu", na mkandarasi alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Akazungusha. Ndani wakawekwa kanga weupe, zawadi kutoka kwa mfalme wa nchi rafiki. Mabawa yao yalipunguzwa ili wasiruke ukuta, kwa hiyo hakuna kitu ambacho kingeweza kutoka kwa juu. Kitakachoweza kuingia kwa juu hakikufikiriwa, kwa sababu hakikuwemo kwenye ombi.

Mtunzaji wa kanga hao alikuwa Bi Havintishi, mjane wa makamo, aliyekaa katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mtama. Chumba kilikuwa cha bustani. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Alifanya kazi zake amejifunga kanga, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na jina hili pindoni: NIMEONA ILA SISEMI. Funguo za tundu alizifunga kwenye ncha ya kanga hiyo.

Tai alianza kuja wakati wa kiangazi. Alikuwa akizunguka juu ya bustani asubuhi, taratibu, kama mtu anayepita dukani kuuliza bei, halafu anashuka. Akiondoka, kanga mmoja hayupo na manyoya yametapakaa hadi kwenye birika la maji. Bi Havintishi alimkimbiza na ufagio, akimwambia maneno, mpaka mpita njia mmoja akamshauri ashushe sauti, kwa kuwa maneno aliyokuwa akimwambia yalikuwa na kifungo.

Kulikuwa pia na upotevu wa namna ya pili. Kila Ijumaa ilifika Kamati ya Ukaguzi wa Ndege. Wajumbe walivaa suti na tai, na kila mmoja alibeba kapu la sampuli. Waliwatazama kanga kwa makini, hasa mapajani, wakauliza yupi ameshakomaa na yupi aachwe kidogo. Walipokwisha kuondoka, kanga mmoja au wawili walikuwa hawaonekani, na safari hii hapakuwa na unyoya hata mmoja chini. Wataalamu walichunguza jambo hilo kwa muda mrefu, wakahitimisha kwamba tai wa Ijumaa ni nadhifu kuliko tai wa siku nyingine.

Bi Havintishi akaenda kwa Mkurugenzi wa Bustani, Bwana Kamuntu, mtu mwema aliyekuwa na tabia ya kugonga mlango wa ofisi yake mwenyewe kabla ya kuingia.

"Mkurugenzi, naomba wavu wa juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya tundu. Yule anaingilia juu."

"Yule nani?"

Bi Havintishi akatazama ukutani, ambapo tai wa rangi ya dhahabu alikuwa akimtazama kutoka kwenye fremu. "Yule asiyetajwa, Mkurugenzi."

Bwana Kamuntu akashusha sauti. "Hebu chukulia wewe ndiye yeye. Unaruka zako angani, unatazama chini, nchi yote inakuheshimu, mara unaona umetandikiwa wavu. Ungejisikiaje?"

"Ningesikia njaa."

"Umeona sasa? Alama ya Taifa isikie njaa nchini mwake. Usilirudie hilo ombi, Bi Havintishi. Nimesahau kwamba uliwahi kuja."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka kanga waishe, na kwisha kwao kungeitwa mafanikio ya aina fulani. Lakini habari zilikuja kwamba balozi wa ile nchi rafiki angefika Siku ya Alama ya Taifa kuwaona kanga wa mfalme wake. Waziri wa Ndege na Utulivu, Mheshimiwa Chengelela, akaja bustanini na vipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "ndege wetu wako salama. Na wale ambao hawapo, hawapo wakiwa salama. Kuna watu wanasema serikali imelala. Serikali haikulala. Serikali ilifumba macho ili ifikiri."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na makofi yalisaidia kufukuza nzi.

Hotuba ilipokwisha, Mheshimiwa alimwita Bi Havintishi pembeni, karibu na mapipa ya maji, na akazungumza naye kwa upole kama mtoto wa dada yake.

"Mama yangu, Balozi akija akakuta wamepungua tena, itabidi ashtakiwe mtu. Yule mwingine hatuwezi kumshtaki, unanielewa. Na kosa lenyewe tumeshaliandaa. Linaitwa kuilisha alama ya Taifa kwa mali ya umma bila kibali."

"Na huyo mtu ni nani, Mheshimiwa?"

"Tumesema atakuwa mwenye funguo."

Bi Havintishi akaishika ncha ya kanga yake, akaiachia. Jioni ile hakula. Alipokuwa akisimulia baadaye, alisema jela haikumtisha sana, maana hata jina lake linasema hivyo. Kilichomtisha ni kutoka jela na kukuta hana pa kuweka mkeka.

Mheshimiwa Chengelela, hata hivyo, hakuwa mtu mbaya. Alitaka kanga walindwe, mradi tu isisemwe kwamba wanalindwa dhidi ya tai. Akaitisha kikao cha kutunga amri.

Kikao kilikwama kwenye neno moja. Mjumbe wa kwanza alipendekeza iandikwe "Tai asikaribie kanga." Wenzake wakashtuka. Nani katika nchi ile ana cheo cha kumwambia tai "asi-"? Mjumbe wa pili akapendekeza "isikaribie", akaambiwa kwamba sasa amemfanya tai kuwa kitu, na hilo ni kosa kubwa kuliko la mwenzake. Walibishana juu ya a na i mpaka chakula kikaletwa. Sikuambiwa kilikuwa chakula gani, ila nasikia mifupa yake ilikuwa midogo.

Baada ya kula, Mwandishi Mkuu wa Sheria alipata wazo, akafuta kinywa.

"Waheshimiwa, tumwondoe mtendaji. Tuandike hivi: Ni marufuku tai kukaribia kanga. Hapo hatujamwamuru mtu. Tumesema tu kwamba jambo hilo ni marufuku, kama vile mtu anavyosema leo kuna jua."

Walimpongeza kwa kusimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile amri kutolewa bila kumwambia yeyote.

Kibao kikachorwa kwa herufi kubwa nyekundu. Palikuwa na mjadala mdogo kuhusu mahali pa kukitundika. Wengine walisema mahali pake ni angani, lakini misumari haikushika, kwa hiyo kikapigiliwa langoni. Na langoni alikuwepo Askari Mwinchande.

Mwinchande alikuwa askari mstaafu, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa. Jeshini walimfundisha kwamba amri haielezwi, inasomwa. Akakisoma kibao mara kadhaa mpaka akaridhika. Kesho yake asubuhi Bwana Kamuntu akafika.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Fungua."

"Siwezi, Mkurugenzi. Kuna tai."

Bwana Kamuntu akatazama juu kwanza. Mbingu ilikuwa nyeupe, tupu. "Tai gani?"

"Hiyo ya bluu."

"Afande, hii ni tai ya kuvaa."

"Ndiyo. Na ndani kuna kanga."

"Kanga wa ndani ni ndege, bwana."

"Wapo wa ndege, na ipo ya kuvaa, ile pale." Akamwonyesha Bi Havintishi, ambaye alikuwa akifagia karibu na tundu na sasa ameacha. "Kibao kinasema tai, kinasema kanga. Hakikusema yupi wala ipi. Nikianza kuchagua mwenyewe nitakuwa nimetunga sheria, na mimi si Bunge."

"Sikiliza, Afande. Hiyo amri ilikuwa inamhusu yule wa angani."

Uso wa Mwinchande ukabadilika. Akasogea karibu, akasema kwa heshima, "Samahani, Mkurugenzi. Unasema serikali imeipiga marufuku alama ya Taifa? Rudia nisikie vizuri, maana maneno hayo nimeagizwa nikiyasikia niyapeleke."

Bwana Kamuntu akakohoa. "Sijasema kitu."

"Basi ni hiyo ya bluu."

"Aivue tu apite, Afande," Bi Havintishi akasema kutoka ndani. "Mwenzio ana kazi."

"Akiivua, ruhusa."

Mkurugenzi akaifungua tai yake, akaishika mkononi, akajitazama. Alisimama pale kidogo kama mtu aliyetoka bafuni na kukuta wageni sebuleni. Kisha akaifunga tena na kurudi ofisini, na siku ile akaiongoza bustani kwa simu.

Ijumaa ikaja Kamati ya Ukaguzi, suti, tai na makapu. Mwinchande akawasomea kibao. Mwenyekiti wa Kamati, mtu mnene mwenye sauti ya msikitini, akaeleza kwamba kanuni zao zinasema mkaguzi ni mtu mwenye tai.

"Tukizivua, tutajulikanaje kuwa ni wakaguzi?"

"Hamtajulikana, Mwenyekiti."

"Na tukiingia na makapu bila kujulikana kuwa ni wakaguzi?"

"Hapo," akasema Mwinchande kwa upole, "mtajulikana kwa jina jingine."

Kamati ikajadiliana chini ya mwembe wa bustani, kisha ikaondoka. Bi Havintishi alikuja langoni na kikombe cha uji.

"Afande, leo umeniheshimu mimi na kanga yangu."

"Mimi nimekiheshimu kibao, Bi Havintishi. Huo uji una sukari?"

Tai wa Ijumaa hakuonekana tena. Wataalamu walishangaa. Wengine walisema amehama kwa sababu ya mabadiliko ya hewa, na mpaka leo utafiti unaendelea. Lakini yule wa asubuhi, mwenye manyoya, hakuwa na habari za kibao, kwa sababu hakuwahi kupita langoni. Bi Havintishi alibaki na huyo mmoja, na Siku ya Alama ilikuwa inakaribia.

Sasa kwa kuwa hapakuwa na mkubwa aliyeweza kuingia kumkataza, alikwenda kwa majirani akaomba kanga zilizochakaa. Kina mama wa mtaa ule walikuwa nazo nyingi: za harusi zilizovunjika, za misiba, za kumsema wifi ambaye ameshahama. Alizifunga ncha kwa ncha, akazipitisha kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka tundu lote likawa na kivuli cha rangi rangi. Bwana Kamuntu alipoona kutoka langoni, akaita.

"Bi Havintishi! Wavu wa juu nilikukatalia."

"Si wavu, Mkurugenzi. Nimeanika."

"Zote hizo zako?"

"Na za majirani. Kwao hakuna jua."

"Zitakauka lini?"

"Za pamba hizi, Mkurugenzi. Hazina haraka."

Asubuhi iliyofuata tai akaja. Akazunguka, akashuka kidogo, akakuta chini yake maneno yanapepea: KAA KWAKO NIKAE KWANGU, na pembeni yake, JICHO LAKO HALINIPUNGUZII. Hakuna anayejua kama tai wa nchi ile wanasoma. Huyu alizunguka tena, akaenda zake upande wa machinjio, ambako nasikia amenenepa. Chini ya kivuli kile, kanga jike mmoja akaanza kuatamia, na baadaye mwingine, na vifaranga vikaanguliwa kabla ya Siku ya Alama.

Siku ya Alama ilifika. Bi Havintishi alikuwa amefungasha nguo zake kwenye mfuko, kwa sababu tangu alfajiri gari la polisi liliegeshwa karibu na lango, na dereva wake alimwomba maji ya kunywa kwa adabu iliyomtia wasiwasi. Mheshimiwa Chengelela akafika na Balozi, mzee mrefu aliyetoka nchi ya baridi na aliyekuwa akitokwa jasho hadi kwenye soksi.

"Shikamooni, waheshimiwa," akasema Mwinchande. "Tai."

Balozi alipoelezwa maana ya kibao, akafurahi kama mtu aliyefunguliwa pingu. Akaivua tai yake, akafungua na kifungo, akamshukuru Mwinchande na kuingia. Mheshimiwa akataka kumfuata.

"Bado, Mheshimiwa. Unayo tai."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Hata tai yako naijua." Mwinchande akainama kidogo aitazame. Ilikuwa nyekundu, ya hariri, na katikati alidariziwa tai wa Taifa kwa nyuzi za dhahabu. "Hapa sasa una tai, na kwenye tai kuna tai."

"Basi nitaivua. Nitaitia mfukoni."

"Umtie nani mfukoni, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa Chengelela akauondoa mkono kwenye fundo la tai. Alikuwa amesaidia kuiandika ile sheria ya heshima ya tai, na alikumbuka kwamba kumtia mfukoni ni kifungu cha pili. Akafikiri kuhusu kumshika mkononi, akakumbuka kifungu cha tatu. Akabaki nje, ameshika nondo za lango kwa mikono miwili, na hotuba aliyokuwa ameiandaa akawasomea polisi.

Ndani, Balozi alizunguka tundu akihesabu kwa kidole. Alikosea, akarudia, kwa sababu vifaranga havikutulia. Bi Havintishi alisimama nyuma yake, naye akihesabu kimoyomoyo.

"Niliambiwa walikuwa wanapungua," Balozi akasema hatimaye. "Lakini hawa ni wengi kuliko tuliowaleta."

"Walipungua, Balozi. Kisha wakaacha kupungua."

"Mmefanya nini?"

Bi Havintishi akatazama langoni, akamwona Mheshimiwa nyuma ya nondo akifika ukurasa wa mwisho. "Tumefuata sheria tu," akasema.

Balozi alitoka akampa Mheshimiwa mkono kupitia kwenye nondo, akasema hajawahi kuona serikali inayolinda ndege kwa uadilifu kiasi kwamba hata waziri haruhusiwi kuwakaribia. Mheshimiwa akasema ndivyo walivyokusudia tangu mwanzo. Gari la polisi likaondoka tupu. Bi Havintishi aliingia chumbani, akatoa nguo kwenye mfuko moja moja, akazitundika mahali pake, kisha akakaa kitandani akalia kidogo, na alipomaliza akaenda kuwapa kanga maji.

Hata hivyo waziri hawezi kusimama nje ya lango mara mbili. Kikao kiliitishwa upya, na sasa wajumbe walikuwa na ujasiri, kwa sababu sifa za Balozi zilikuwa zimechapishwa magazetini. Waliamua kuirudisha ile a waliyoiogopa, mradi ulainishwe usemi. Kibao kipya kikasomeka: TAI, TAFADHALI, ASIKARIBIE KANGA. Mwandishi Mkuu wa Sheria aliwafafanulia kwamba a ni ya wenye uhai, na tai ya shingoni haina uhai, kwa hiyo kuanzia siku hiyo kitambaa kimeachiwa huru.

Ijumaa ya wiki ile ile Kamati ya Ukaguzi ikarudi, suti, tai na makapu, na Mwenyekiti wao akatangulia mbele akitabasamu.

"Habari za siku nyingi, Afande. Umekiona kibao?"

"Nimekiona, Mwenyekiti."

"Basi fungua. Soma mwenyewe: asikaribie. Kitambaa hakihusiki tena, anahusika mwenye uhai."

"Ndivyo nilivyosoma na mimi," akasema Mwinchande. "Zamani ilikatazwa nguo. Mtu akiivua, anapita. Sasa amekatazwa mwenye uhai." Akaitazama tai ya Mwenyekiti, akamtazama na Mwenyekiti mwenyewe, kwa zamu, kama mtu anayetaka kutenda haki. "Kati ya hiyo na wewe, mwenye uhai ni yupi?"

Mwenyekiti akaishika tai yake. Wajumbe nyuma yake wakazishika za kwao.

"Na nikiivua?" akauliza.

"Ukiivua, Mwenyekiti, unabaki wewe."

Nasikia kikao bado kinaendelea. Wajumbe wanatafuta ngeli isiyomgusa mtu yeyote, na mpaka waipate, kanga wa nchi ile wanazidi kuongezeka.